Golikipa wa Nyumba ya Nyangi

Gati alikuwa mfupi kwa golikipa. Kila kocha mgeni aliyefika Kebosongo alimtazama mara moja akauliza, "Huyu ndiye kipa wenu?" nasi tukamwacha aone mwenyewe. Alikuwa na mikono mipana ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni, na woga hakuujua kabisa. Nimecheza na wasichana wengi, wengine leo wana majina, lakini sijaona mwingine anayeuendea mguu wa mshambuliaji kwa uso. Mimi nilikuwa beki wake wa kati kwa misimu miwili. Naitwa Adero, Mjaluo wa upande wa Shirati, na kama kuna anayedhani naandika haya ili nionekane mtu mwema, asome mpaka mwisho.

Kebosongo ni kilima kidogo upande wa Kenyamonta. Kabla ya mwaka 2017 kilikuwa na mihogo, mtama na mbuzi, basi. Mtu mmoja akaokota jiwe lenye dhahabu kwenye shamba la mihogo, na wiki ya pili kulikuwa na maturubai mpaka mtoni. Mwezi wa pili kulikuwa na baa nane, makanisa mawili, na mashine za karasha zinazosaga mawe mpaka meno yako yanauma. Mama yangu alilifuata rashi lile, mbio hizo za dhahabu, kama alivyoyafuata mengine yote, na karai lake la kukaangia samaki. Nami nikamfuata mama, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mtu.

Timu yetu ilizaliwa na mawe. Simioni, mmoja wa wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, alipata mawe mazuri shimoni kwake, akanunua pikipiki nne kwa wiki moja, na zilipomchosha akanunua timu. Wenzake walikuwa na timu za wanaume. Yeye alitaka kitu ambacho wengine hawana, kwa hiyo akatununua sisi: jezi za njano, viatu, mipira sita, na mwalimu mstaafu aitwaye Okal awe kocha. Tukaitwa Kebosongo Queens. Watu walikuja kututazama kwa kucheka, na baada ya mechi tatu wakawa wanakuja kututazama kwa kupigana.

Wengi wetu tulicheza kwa posho na soda. Gati alicheza kwa jambo lingine, na hakulificha. Ligi kuu ya wanawake ilikuwa imeanza, wasichana wanasaini mikataba, wanaonekana kwenye televisheni ya baa. Tukikaa chini baada ya mazoezi, tukizungumza habari za wanaume na nywele, yeye alikuwa na sentensi moja.

"Nataka nilipwe kwa kudaka. Kila mwezi, kama mwalimu."

"Na urefu wako huo?" nilimtania.

"Goli ni pana kuliko lilivyo refu, Adero. Kapime."

Kwao ni Nyansurura. Baba yake alikufa akaacha ng'ombe wachache na kaka mmoja, Heche, aliyekuwa ameshafika umri wa kuoa na hana cha kuolea. Kila mtu anajua njia ya Wakurya katika hilo: dada akiolewa, ng'ombe wake ndio kaka anaolea. Heche hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, na alikuwa anamsubiri aolewe kama mkulima anavyosubiri mvua. Walikuja wachumba watatu. Wote watatu walimsifu Gati kwa nguvu zake, na wote watatu walisema nyumbani kwao mwanamke havai bukta.

Hapo ndipo Gati alipofanya jambo ambalo sisi wa Shirati tulilishangaa. Alikwenda mwenyewe kwa Nyangi.

Nyangi alikuwa mjane, mwenye lile shamba la mihogo ambapo dhahabu ilionekana. Kila duara lililochimbwa pale lilimtolea mifuko yake ya mawe kama mwenye shamba, akawa mtu mwenye uwezo uzeeni, baada ya maisha ya kulima kwa jembe la mkono. Lakini alizaa mabinti wawili tu, wameolewa mbali. Hana mtoto wa kiume. Shemeji yake, Erasto, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akisema waziwazi kwamba siku Nyangi akifa shamba linarudi kwake. Njia ya kumzuia ilikuwa moja: nyumba ntobu. Bibi asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na msichana anamzalia. Mtoto ni wa nyumba ya bibi, anarithi jina na shamba. Aliyempa msichana mimba hatajwi wala hana dai lolote. Ni ndoa kamili, yenye ng'ombe na wazee.

Nilimsindikiza Gati siku ile. Nyangi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayelala kwenye vumbi wanaume wakitazama?"

"Ndiyo, mama."

"Unaumia?"

"Naumia."

"Na kesho unarudia."

"Narudia."

Nyangi alichambua maharage kwa muda. "Sasa umekuja kutaka nini kwangu?"

"Nimesikia unatafuta mkamwana. Ng'ombe wampate kaka yangu aoe. Mimi nitakaa kwako, nitakulimia, nitakuchotea maji, na mtoto nitakuzalia. Lakini nipe miaka miwili nicheze kwanza."

"Mwaka mmoja," Nyangi alisema. "Mimi siko na siku nyingi, binti yangu."

Ng'ombe kumi na wawili walitoka kwa Nyangi wakaenda Nyansurura, na kabla ya mwezi kwisha Heche alikuwa ameoa msichana aitwaye Neema. Kila mtu alipata alichotaka. Gati alirudi mazoezini anacheka, akaniambia amewashinda wanaume wote kwa mkupuo mmoja: hakuna mume wa kumkataza, kaka ana mke, na yeye ana goli lake la kulinda. Nilimwona mjanja. Bado naona ulikuwa ujanja mzuri, na bado unanichoma moyo.

Wale wawili walipendana. Sijui neno lingine. Nyangi alianza kuja uwanjani na kigoda chake, anakaa nyuma ya goli letu, anawatukana washambuliaji wa wageni kwa Kikurya mpaka mwamuzi anaombwa amsogeze. Gati akidaka, bibi anapiga kelele, "Mkamwana wangu huyo! Wa kwangu!" Sisi tulimtania Gati, "Mume wako amefika," naye anajibu kwamba angalau wa kwake anakuja kumtazama, wetu wako baa. Asubuhi ya mechi Nyangi alimpa maziwa ya mgando, akamsugua magoti kwa samli. Mama yangu, Msabato wa kweli aliyeniombea kila Jumamosi niliyokwenda kucheza, alisema hajawahi kuona mkwe anayetunzwa vile.

Mwaka ulipita. Miguu ya Nyangi ikaanza kuvimba, akawa anapumzika mara tatu kati ya nyumba na choo. Daktari alimwambia ni moyo. Erasto akaanza kuja kumjulia hali kila Jumapili, na kila akitoka alizunguka shamba polepole, mikono mgongoni, anatazama maduara. Nyangi alimtazama dirishani. Hakuhitaji kumkumbusha Gati. Gati alijua ahadi yake, akaitimiza. Baba wa mtoto sitamtaja, na hata ningetaka kumtaja, si kazi yangu.

Niliambiwa mimba ikiwa ya miezi minne na kitu, siku tano kabla ya fainali ya mkoa. Waliniita nyumbani kwa Nyangi, wakafunga mlango. Nilikasirika.

"Ai yawa! Wiki iliyopita umegongwa na mtu mzima kifuani! Mwambie kocha leo. Kaa nje."

"Nikikaa nje watajua," Gati alisema.

"Si wajue? Una aibu gani?"

Nyangi ndiye aliyejibu. "Erasto akijua kabla tumbo halijashika sawasawa, mtoto huyo hazaliwi. Wewe Mjaluo hujui watu hawa. Mama yake alikuwa na mambo yake ya dawa, na mambo hayo amemwachia Erasto. Mtoto wangu wa tatu alikuwa wa kiume. Nilimwambia kila mtu nina mimba, nilikuwa na furaha. Alitoka mwezi wa tano."

Ningebisha nini? Mimi siamini dawa, lakini nilimwona yule bibi usoni. Kipa ambaye hajakosa mechi hata moja kwa misimu miwili, akikosa fainali, Kebosongo nzima ingeuliza kwa nini, na jibu lingemfikia Erasto kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo walikuwa wameamua: Gati acheze mechi ile moja, ya mwisho, kisha aseme bega limemuuma, apumzike mpaka azae. Klabu kubwa zitasubiri mwaka. Yeye ana miaka ishirini tu.

"Cheza," Nyangi alimwambia mbele yangu, "lakini usiruke."

Tulicheka wote watatu. Golikipa asiyeruka! Kisha Nyangi akanishika mkono, vidole vyake vimevimba na ni baridi. "Ndiyo maana tumekuita wewe. Unasimama mbele yake. Mpira usimfikie."

"Hautamfikia, mama," nilisema. Nilimaanisha.

Fainali ilikuwa Mugumu, Jumamosi saa kumi, dhidi ya timu ya wasichana wa Tarime mjini. Tuliondoka na lori la Simioni, Nyangi kakaa mbele na dereva, kigoda mapajani. Tulipokuwa tunavaa viatu, Kocha Okal alitujia ametokwa jasho, anajaribu kuongea kama mtu asiye na habari.

"Sikilizeni. Pale jukwaani, chini ya mwavuli, kuna watu wawili wa klabu ya Dar. Yule mama ni Agustina, anafundisha makipa. Wanatafuta watu. Msicheze kwa ajili yao, chezeni mpira wenu."

Afadhali angetuambia tusipumue. Nilimtazama Gati. Alikuwa anafunga soksi, hajainua kichwa, lakini mikono ilikuwa imesimama.

"Mwakani watakuja tena," nilimnong'oneza.

"Najua," alisema.

Kipindi cha kwanza niliilinda ahadi yangu. Nasema hivyo bila kujisifu. Kila mpira wa juu nilikuwa chini yake, kila mshambuliaji aliyenikaribia nilimwonyesha njia ya kwenda pembeni. Gati alidaka mipira miwili mepesi akiwa amesimama, na mmoja mgumu, wa kona, aliuchomoa kichwani pa watu wanne kwa kunyoosha mkono tu. Jukwaa lilishangilia. Nyuma ya goli Nyangi alikuwa anatangaza mkamwana ni wa nani. Tulikwenda mapumziko tunaongoza moja bila, na dakika ya sitini tukapata la pili.

Dakika ya themanini. Nimeicheza dakika hiyo mara nyingi kuliko mechi zangu zote. Mpira mrefu ulitoka kwao, ukawa unanishukia mimi. Mshambuliaji wao, Felista, msichana mkubwa mwenye mbio, alikuwa hatua kumi nyuma yangu. Beki yeyote mwenye akili anaupiga ule mpira nje, uende kwa wauza karanga. Tunaongoza mbili bila. Nilikuwa naupiga nje maisha yangu yote, na Kocha Okal alinisifu kwa hilo, akiniita binti wa Shirati kwa Kijaluo: "Nyar Shirati hana mapambo." Lakini nilijua pale chini ya mwavuli kuna watu, na nilijua klabu za Dar hazitafuti mabeki wa kubutua. Zinatafuta mabeki wanaotulia na mpira. Niliupokea kwa kifua, nikaushusha vizuri, nikageuka, nikamrudishia Gati kwa upande wa ndani wa mguu, taratibu, kama nilivyoona kwenye televisheni.

Pasi ilikuwa fupi. Uwanja wa Mugumu una majani mazito mbele ya lile goli la upande wa barabara, na mpira uliishia njiani.

Felista aliuwahi yeye, akausukuma mbele mara moja. Sasa walikuwa wawili tu, yeye na Gati, na mpira katikati. Nilipiga kelele, "Acha! Gati, acha!" Gati alimtazama Felista, akatazama kidogo pembeni, kisha akajitupa. Aliuficha mpira kifuani, na goti la Felista, pamoja na uzito wake wote, likaingia tumboni.

Alibaki chini muda wa kuhesabu mpaka kumi na tano. Jukwaa zima lilikuwa limesimama. Nyuma ya goli Nyangi naye alikuwa amesimama, kigoda kimeanguka. Kisha Gati akainuka, rangi yake imebadilika, akampungia mkono daktari wa timu asije. Akaupiga mpira mbele. Alicheza dakika zote zilizobaki. Tulishinda mbili bila, tukapewa kombe, tukapiga picha. Damu ilianza ndani ya hema la kubadilishia nguo.

Hospitali walifanya walichoweza, na walikifanya haraka. Saa moja jioni daktari alitoka akasema mtoto hayupo tena, damu haikomi, na ili mama apone inabidi kizazi kitolewe. Alitaka mtu wa familia aridhie. Heche alikuwa Nyansurura, mvua imekata barabara. Nyangi alikuwa hapo kwenye benchi, miguu imevimba, kitenge kina vumbi la uwanjani. Alielewa vizuri anaulizwa nini. Ile karatasi ilikuwa mwisho wa nyumba yake.

"Mwokoeni huyu mkubwa," alisema, akaweka dole gumba.

Baadaye muuguzi alipopita, Nyangi alimuuliza mtoto alikuwa wa jinsia gani. Wa kiume, muuguzi alisema. Nyangi aliitikia kama mtu anayeambiwa saa. Kisha akanigeukia, na hakuwa na hasira, ndiyo maana siwezi kusahau.

"Adero, mwanangu, mimi mpira siujui vizuri. Ule mpira ulitoka kwa nani?"

"Sikuona, mama," nilisema. "Ilikuwa vurugu."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, nilimwangalia machoni nikasema hivyo.

Barua ya klabu ilifika baada ya siku kumi na mbili. Walituita wawili, mimi na Gati, tuwe kambini ndani ya wiki mbili. Gati alikuwa bado anatembea ameinama, ameshika mshono. Kocha Okal alipiga simu, akabembeleza, akatumia Kiswahili chote cha ualimu wake. Waliomba radhi: ligi inaanza, wanahitaji kipa sasa, wamepata mwingine, msimu ujao watamkumbuka. Nilikwenda kumwambia Gati kwamba siendi, kwamba nitamsubiri. Nilikuwa natafuta anikatalie, na alinikatalia.

"Nenda, mjinga wewe. Umekuja kulia hapa unipe kazi ya kukubembeleza?"

Nilikwenda. Nilicheza misimu mitatu, nikalipwa kila mwezi kama mwalimu. Nimeonekana kwenye televisheni ya baa. Sikuwa beki mkubwa, nilikuwa beki wa kutosha, mpaka goti la kulia lilipokatika mazoezini na mkataba ukaisha nikiwa na magongo. Klabu haikumkumbuka Gati. Alijifua peke yake miezi sita, akaenda kufanya majaribio Mwanza kwa nauli ya Nyangi, na kila akijitupa mshono ulimvuta akachelewa kuinuka. Walimwambia ni mfupi.

Nyangi hakuoa msichana mwingine. Watu walimshauri, ng'ombe alikuwa nao bado. Alisema ana mkamwana tayari. Alikufa mwezi wa nane tangu fainali, kwenye mikono ya Gati, na siku ya nne baada ya maziko wazee walikaa. Erasto alichukua shamba na maduara yake. Kuhusu Gati alizungumza kwa upole kabisa.

"Sisi hatumfukuzi mtu. Ng'ombe walitoka katika mji huu. Akitaka kwenda, warudi kumi na wawili, aende salama. Asipotaka, akae, kazi ipo."

Heche alikuwepo. Ng'ombe wale walikuwa wamekwenda kwa wakwe zake zamani, na Neema alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Kuwarudisha ilikuwa kuivunja nyumba ile. Aliinama, na Gati akajibu kwa niaba yake: atakaa. Aliniambia mwenyewe kwa simu. Aliyasema yote kwa dakika mbili kisha akaniuliza mechi yetu ya Jumapili iliishaje.

Nilirudi Kebosongo mwaka 2022, nachechemea. Rashi lilikuwa limehama. Baa zilibaki mbili, timu ilikufa siku duara la Simioni lilipojaa maji, na uwanja wetu watu wameuchimba mashimo, wanatafuta mabaki. Gati nilimkuta kandokando ya karasha ya Erasto, kati ya wanawake wanaogonga mawe kwa nyundo yawe madogo kabla ya kuingia mashinini. Alikuwa amekonda. Aliniamkia kwa jina langu la uwanjani, akanisogezea jiwe la kukalia, na akaendelea kugonga, kwa sababu mke mkubwa wa Erasto alikuwa anatazama.

Nilikuwa nimejiapiza ndani ya basi kwamba safari hii nasema. Nikasema.

"Gati. Ile pasi ilikuwa yangu."

"Najua. Nilikuwa golini, Adero. Unadhani nilikuwa natazama ndege?"

"Ningeupiga nje. Nilitaka wale watu wanione."

"Hata mimi," alisema.

Aligonga mawe mawili, matatu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

"Tulikuwa tunaongoza mbili. Ningeuacha uingie, tungeshinda tu. Nilikusikia unaniambia niache. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, usidhani sikuwa nayo. Nikatazama jukwaani, nikamwona yule mama Agustina ameshika kalamu, anaandika. Nikasema, ananiandika mimi. Akiandika nimefungwa bila kujaribu, mwakani atanikumbukaje?" Alifuta uso kwa kiwiko. "Wewe umekaa nao. Hawakuwahi kukuambia waliandika nini pale?"

Walikuwa wameniambia. Agustina mwenyewe, msimu wangu wa kwanza, tukisubiri basi, aliniuliza habari za yule kipa mfupi. Aliniambia Gati walimwandika kabla ya mapumziko, kwa ile kona, wakafunga ukurasa wake. Kipindi cha pili hawakumtazama tena. Kipindi cha pili walikuwa wanatazama mabeki. Mpira ule ukiniteremkia, Agustina alikuwa anaandika namba yangu, na kwamba nimetulia.

Gati alikuwa ameacha kugonga, ananisubiri.

"Waliniambia," nilisema. "Ni lile tukio la Felista. Walisema walipoliona lile ndipo wakakuandika."

"Nilijua," alisema, na nikaona uso wake unalegea kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Nilijua ni lile." Kisha akavuta ndoo ya mawe karibu, akaniomba nimsaidie kujitwisha.